UGONJWA WA UBONGO UNAOGEUZA TABIA

Mtu wa miaka 50 akianza kukosa haya, kutukana wakubwa ao kutapanya mshahara, tusikimbilie kusema ni pombe ao ulozi. Pengine ubongo unaugua.

Ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, hutuongoza katika adabu. Ule wa pembeni hushika maana ya maneno. Katika ugonjwa huu, ulioelezwa na munganga Arnold Pick huko Prague mwaka 1892, protini fulani huharibika na kugandamana ndani ya chembe za ubongo. Moja ni tau: hushikilia vijia vinavyopitisha chakula cha chembe, kama miti inavyoshikilia paa la shimo. Miti ikitoka, shimo hubomoka, chembe hufa. Nyingine, TDP-43, ilitambuliwa katika ugonjwa huu mwaka 2006.

Ugonjwa huu hauambukizi. Pengine hurithiwa. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini kaswende pia hugeuza tabia, nayo ina dawa. Basi:

– Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya mapema.
– Asishuke shimoni.
– Mshahara wake ushikwe na jamaa mwaminifu.
– Msimpige, wala msimwite mlozi.