Dondoo Muhimu: Kueleza Matokeo kwa Kiingereza

Yeyote aandikaye Kiingereza, iwe barua rasmi au insha ya mtihani, naye akataka msomaji wake atambue pasi na shaka lipi ni sababu na lipi ni tokeo lake, na ayazingatie haya:

1. Usianze kwa "because" kisha ukafungua sehemu ya pili kwa "so". Kosa hili hutujia wepesi kwa kuwa lugha yetu huruhusu "kwa kuwa… basi", ilhali Kiingereza hutosheka na kiunganishi kimoja.

2. Kabla ya "therefore" au "consequently" kati ya sentensi mbili kamili, mkato peke yake hautoshi, weka nukta au nuktamkato: "The road was flooded; therefore, the bus was late."

3. Hakikisha kwanza kwamba jambo la pili limezaliwa na la kwanza, wala halikulifuata kwa wakati tu, maana hakuna neno liwezalo kuisitiri hoja dhaifu.

4. "Result in" huelekea kwenye tokeo, "result from" hurejea kwenye sababu. Azibadilishaye hupindua maana yote.

5. "As a result" hufuatwa na sentensi kamili, "as a result of" na nomino.

6. Andika "so heavy that", lakini "such heavy rain that".

7. Aghalabu "affect" ni kitenzi, "effect" ni nomino.