Mpinzani wa Jirani ni Mtani, si Adui



Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo linalowagusa vijana wetu karibu kila Jumamosi jioni: ushindani kati ya timu za mtaa mmoja na mwingine. Wengi huuona kuwa chanzo cha fujo. Sisi pia tuliuona hivyo, mpaka tulipojaribu kuuzima.

Hapa Kimandolu tunalea timu ya soka ya vijana. Wapinzani wao wakubwa wanatoka mtaa wa jirani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mwaka jana mechi yao ilivunjika. Mawe yalirushwa, na kijana mmoja wa upande wetu akavunjika mkono. Wazee wakatukumbusha kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Tukakubali, tukasimamisha mechi zote kati ya timu hizo mbili.

Kwa miezi michache kulikuwa na utulivu. Kisha mahudhurio ya mazoezi yakaanza kushuka. Vijana 22 wakawa 15, halafu 9. Waliobaki nyuma tuliwakuta vijiweni. Tulipomuuliza nahodha kulikoni, alijibu: "Mwalimu, tunafanya mazoezi ili tukamfunge nani?" Hatukuwa na jibu.

Timu isiyokuwa na mpinzani

Swali la nahodha wetu linafahamika vizuri Nairobi, katika mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona: magongo ya barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, huteleza juu ya barafu, na hupigania kisahani kigumu cha mpira kwa magongo yao. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Humo ndimo ilimokulia timu ya Kenya Ice Lions.

Vijana hao walikuwa na barafu, magongo na moyo wa kucheza. Walichokosa ni mpinzani. Hakukuwa na timu nyingine nchini ya kupambana nayo, wala katika nchi jirani. Ikabidi wajigawe makundi mawili na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwasafirisha baadhi yao hadi Kanada ili wacheze na timu nyingine, na nyota wawili wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Wakenya na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Tafakari jambo hili. Vijana wa Nairobi walivuka bahari kutafuta kitu ambacho sisi tulikuwa nacho mtaa wa pili, nasi tukakipiga marufuku.

Watani wa jadi

Faida ya mpinzani wa karibu tunaiona pia nyumbani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote zikiwa na makao Kariakoo, Dar es Salaam. Simba ilitwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Yanga haikukubali kubaki nyuma. Ilijipanga upya, ikatwaa mara nne zilizofuata. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali hiyo hiyo. Kila mmoja alipopanda ngazi, mwenzake hakupata usingizi.

Angalia pia jina tulilozipa timu hizi. Hatuziiti maadui. Tunaziita watani wa jadi. Sisi wa kaskazini tunajua uzito wa neno hilo. Mchagga na Mpare hutaniana kwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atagombana nao. Lakini msiba ukitokea, mtani ana wajibu wake. Hufika, husaidia kazi, na mzaha wake huwapunguzia wafiwa machozi. Ruhusa ya kumcheka mwenzako inaambatana na deni la kumsaidia.

Hapo ndipo tulipokosea. Vijana wetu tuliwafundisha kushindana, lakini deni hilo hatukuwafundisha.

Ushindani unapokosa mipaka

Hata penye vipaji vikubwa, deni hilo likisahaulika matokeo ni mabaya. Huko Kanada, timu za magongo ya barafuni za Montreal na mji wa Quebec zilikuwa wapinzani wakali. Tarehe 20 Aprili 1984, siku ya Ijumaa Kuu, wachezaji walipigana ngumi katikati ya mechi, wakapumzika, kisha wakarudi uwanjani na kupigana tena. Wengi walitolewa nje. Mwaka 1995 timu ya Quebec ilihamishiwa Denver, Marekani, kwa sababu za kifedha. Waliokuwa wakiomba ipotee walipata walichotaka, na Montreal ikabaki bila mpinzani wake wa jirani.

Tulivyoanza upya

Tulikwenda kwanza kwa mama wa kijana aliyevunjika mkono. Alituuliza: "Mkirudisha hizo mechi, nani atanihakikishia?" Tulimwambia ukweli kwamba hakuna awezaye kumhakikishia yote. Siku chache baadaye nahodha wa timu pinzani alifika kwake pamoja na kocha wake. Alisema shikamoo, akaomba radhi, akakaa na mgonjwa mpaka jioni. Mama huyo bado hajamruhusu mwanawe kucheza, lakini hakupinga mechi zirudi.

Baada ya hapo pande zote mbili zilikubaliana mambo haya:

- Timu zote mbili zinafyeka na kupanga uwanja pamoja asubuhi ya mechi.
- Refa anatoka mtaa wa tatu.
- Utani wa mashabiki unaruhusiwa. Matusi ya wazazi, kabila au dini hayaruhusiwi.
- Mchezaji akiumia, nahodha wa timu pinzani ndiye wa kwanza kumtembelea.
- Baada ya mechi, timu iliyoshinda inachemsha chai na kuwahudumia walioshindwa.

Tumeshacheza mechi tatu kwa utaratibu huu. Tumefungwa mbili. Katika mechi ya pili nusura ngumi zizuke, na manahodha wenyewe ndio walioamua ugomvi. Mazoezini sasa tunapata vijana 20 au zaidi, kwa sababu wanajua wanajiandaa kwa ajili ya nani.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tunaongeza: anayetaka mpinzani wake aangamie hataki tena mchezo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wenu, ni timu, kwaya au vikundi gani vinavyoshindana? Kila kimoja kimejifunza nini kutoka kwa mwenzake?
2. Je, mmewahi kuzuia mashindano kwa sababu ya fujo? Vijana walikwenda wapi baadaye?
3. Kwenu, mtani ana wajibu gani wakati wa shida? Wajibu huo unawezaje kuingizwa katika michezo?
4. Kama mngekuwa mbele ya mama yule, mngemjibu nini?