Mtoto Mwenye Kifafa Anapobadilika Tabia

Chukua mfano wa mtoto wa miaka minane katika kijiji cha Tana Delta. Amekuwa akianguka kifafa tangu alipougua malaria kali akiwa mdogo. Mama yake amempeleka kituo cha afya, akapewa dawa, na kwa wiki tatu mtoto hajaanguka hata mara moja. Lakini nyumbani hakukaliki. Mtoto aliyekuwa mpole sasa hatulii, anawapiga wadogo zake, analia kwa jambo dogo na usiku halali. Jirani anamwambia mama kwamba dawa ndiyo iliyomharibu mtoto. Mama anaiweka kando. Siku chache baadaye mtoto anashikwa na kifafa kisichokoma.

Kifafa cha aina hiyo kinaweza kuua. Mama huyo hakukosea kuona kwamba mwanawe amebadilika, na pengine hata jirani alikuwa na ukweli kidogo. Kosa lilikuwa kuacha dawa ghafla, bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na ubongo huo huo ndio unaoongoza hasira, furaha, woga, usingizi na umakini wa mtoto. Ndiyo maana mabadiliko ya tabia ni jambo la kawaida kwa watoto hawa. Katika kaunti jirani ya Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walichapisha mwaka wa 2012 matokeo ya kuwalinganisha watoto wa miaka 6 hadi 9 wenye kifafa na wenzao wasio nacho. Karibu nusu ya watoto wenye kifafa, asilimia 49, walikuwa na matatizo ya tabia. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 26. Mazingira ya watoto hao hayako mbali na ya Garsen: vijiji, malaria, na safari ndefu ya kufika hospitalini.

Yanatokea lini?

Swali la kwanza ambalo mzazi anapaswa kujiuliza ni wakati. Baadhi ya watoto hununa au huwa wakali saa kadhaa, hata siku moja au mbili, kabla ya kushikwa. Wengine hawaanguki kabisa: wanakodoa macho, wanatafunatafuna midomo au kuvutavuta nguo, na ukiwaita hawasikii. Mwalimu asiyejua atadhani ni kiburi. Baada ya kushikwa, mtoto anaweza kuchanganyikiwa, kumsukuma anayemshika, au kulala kwa muda mrefu na kuamka na huzuni. Hapo hajui anachofanya, na kumkaripia hakusaidii.

Yale yanayodumu hata katika siku ambazo hakushikwa ndiyo husahaulika zaidi. Mtoto anajitenga, hataki kucheza, anaogopa kwenda shule, au hawezi kukaa na kazi moja hadi aimalize. Huzuni ya mtoto mara nyingi hujionyesha kwa hasira, wala si kwa machozi. Mtoto akisema hataki kuishi, au anataka kujidhuru, mzazi asingoje miadi. Ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asimwache peke yake.

Daftari la shilingi chache linasaidia sana hapa. Andika tarehe na saa aliyoshikwa, ilichukua muda gani, alilala vipi, alimeza dawa au alikosa, na tabia yake siku hiyo. Asiyejua kuandika anaweza kumwomba mtoto mkubwa wa nyumbani, au kuweka alama kwenye kalenda.

Suala la dawa

Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayopatikana katika vituo vingi, inadhibiti kifafa vizuri kwa watoto wengi. Lakini inajulikana pia kwamba huwafanya baadhi ya watoto wawe na usingizi mchana, na wengine wakose utulivu na kuwa wepesi wa hasira. Dawa nyingine pia zina athari zake. Mhudumu anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha saa ya kumeza, au kumhamisha mtoto polepole hadi dawa nyingine. Polepole ndilo neno la kushika. Kukatiza dawa kwa mkupuo mmoja kunaweza kuleta kifafa kibaya kuliko kile cha mwanzo.

Wapo wanaoacha dawa bila kupenda. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalionyesha jinsi familia za kando ya Tana zinavyoweza kuhama usiku mmoja na kuacha kila kitu. Kabla ya masika, omba dawa za kutosha, uziweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mahali pa kuchukua upesi. Familia za wafugaji zinazohama na mifugo zifanye vivyo hivyo.

Mwezi wa Ramadhani nao una mambo yake. Kukosa usingizi kwa sababu ya daku na kuruka dawa mchana vyote vinaweza kuamsha kifafa. Kijana anayetaka kufunga aonane na mhudumu kabla ya mwezi kuandama. Dawa inayomezwa mara moja usiku huwa rahisi kupanga.

Familia nyingi huanza kwa mganga au kwa kusomewa dua. Dua haimzuii mtoto kumeza dawa, na vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Moshi, chale na kunyimwa chakula ndivyo vya kuepukwa.

Shuleni na mtoni

Sehemu ya hasira ya mtoto haitoki kwenye ubongo wala kwenye dawa. Inatoka kwa watu. Akitengewa sahani, akikatazwa kukaa na wenzake, akiitwa majina, atabadilika tabia kama mtu mwingine yeyote. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kugusana. Mzazi azungumze na mwalimu wa darasa na wa madrasa mapema, awaeleze dalili za mwanawe. Viboko, kwa vyovyote, vimepigwa marufuku shuleni na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Ulinzi nao una kiasi. Asioge mtoni wala kuchota maji peke yake, na asikae karibu na mafiga. Lakini kumfungia nyumbani kunamwongezea upweke. Acheze, mradi kuna mkubwa anayemtazama.

Akishikwa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimmwagie maji. Ikipita dakika tano, au akirudia kushikwa kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitalini.

Kwa mabadiliko ya tabia yasiyo ya dharura, anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu. Kutoka hapo mtoto anaweza kuelekezwa Hospitali ya Ngao au Hospitali ya Rufaa ya Hola. Beba lile daftari, na ubebe dawa zote zilizo nyumbani pamoja na zilizobaki bila kumezwa. Kama ziliachwa, mwambie mhudumu ukweli, ili asiongeze kipimo cha dawa ambayo mtoto hakuwa akiimeza.