Kwa Nini Bodi ya Mota Huzima Ghafla?

Wanachama wenzangu, huku kwetu Kitui na Makueni jua halina uchoyo, na nyumba nyingi zina betri ya sola ya volti 12. Sasa, bodi ya kuongoza mota, chipu yake ambayo ndiyo ubongo mara nyingi hutaka volti 5 tu. Rejuleta ya 7805 huzishusha. Je, zile volti 7 huenda wapi? Huwa joto! Bodi ikivuta nusu ampea, 7 mara 0.5 ni wati 3.5 za kuchoma bure, nayo bodi inapata wati 2.5. Bila bati la kuipoza, rejuleta hujizima yenyewe. Watu husema "imeungua", kumbe ikipoa inaamka.

Afadhali rejuleta ya kukatakata: huwasha na kuzima stima maelfu ya mara kwa sekunde, ikipoteza kidogo tu.

Lakini joto si adui pekee. Mota ikianza kuzunguka huvuta stima kwa pupa, volti zinashuka, na ubongo unasahau ulipofika. Basi mota ipewe waya wake kutoka kwenye betri, na nyaya za hasi zikutane hapo hapo. Kisha weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 karibu kabisa na miguu ya chipu. Ikiwa mbali, haisaidii sana.