Apdeti ikigoma, rudi ulikotoka kwanza

Wafanyabiashara wenzangu, somo la leo mimi nimelilipia kwa zabibu.

Ilikuwa Ijumaa jioni, kreti za zabibu kutoka Hombolo zimeshafika Dodoma mjini. Duka langu la mtandaoni liko kwenye seva za kukodi, ndiyo hilo watu wanaita "wingu". Nikaona ujumbe wa apdeti, nikabonyeza. Ukurasa mzima ukawa mweupe, oda haziingii. Nikahangaika saa tatu kutafuta kosa. Mdogo wangu akauliza, "Kwani ile ya zamani si ilikuwa inafanya kazi?" Kurudisha nakala ya asubuhi kulichukua dakika kumi. Wateja walishanunua kwingine, na zabibu hazisubiri.

Hata wakubwa yanawakuta. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima karibu saa sita. Amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani, na programu ya kuzuia makosa kama hayo nayo ilikuwa na kasoro. Vifaa vyao vya kurekebishia vilitegemea mtandao uleule uliokatika, ikabidi mafundi waende wenyewe zilipo seva. Huduma wakazirudisha kidogo kidogo, wasije wakazidiwa na mzigo kwa mpigo.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kabla ya apdeti, chukua nakala ya duka lote na uihifadhi nje ya seva hiyo. Siku moja jaribu kuirudisha, uhakikishe inafunguka.

2. Usifanye apdeti siku ya mauzo makubwa. Chagua muda ambao oda ni chache na fundi anapatikana.

3. Ikigoma, jipe dakika 15 tu. Zikiisha, rudisha ya zamani. Kosa utalitafuta duka likiwa wazi.

4. Kabla ya kurudisha, nakili pembeni oda na malipo yaliyoingia baada ya nakala. Nakala ya asubuhi haijui oda ya mchana.

5. Andika namba za wateja kwenye daftari. WhatsApp ikizima, SMS na simu ya kawaida zitakuokoa.

6. Ikirudi, weka oda moja ya majaribio mwenyewe kabla ya kutangaza.

Sasa niambie kwenye komenti: nakala yako ya mwisho ni ya lini? Kama hukumbuki, anza nayo leo kabla hujalala.