Mali ya Mdaiwa Iliyo Mikononi Mwako

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Bwera ameshindwa katika kesi ya deni, na magunia yake ya kahawa yamo ghalani mwa jirani. Mahakama imetoa amri ya zuio, na mwenye ghala amekabidhiwa nakala. Jioni mdaiwa anafika na gari: "Ndugu yangu, nipe mzigo wangu niuvushe Kasindi."

Asimpe. Mwenye ghala hadaiwi na mtu, lakini amri imemfunga naye. Amri ya 22 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za Uganda yairuhusu mahakama kumkataza aliyeshika mali asimrudishie mdaiwa. Ikiwa ni shamba, mdaiwa hukatazwa kulihamisha au kuliweka rehani, na watu wote hukatazwa kulipokea kwake. Wengi hudhani kuvuka daraja la Mpondwe kwamaliza shauri. Kahawa yaweza kuvuka, lakini atakayeitwa mahakamani Kasese ni yule aliyefungua ghala.

Je, ikiwa wewe ndiwe unayedaiwa fedha na mdaiwa huyo? Usimlipe mkononi. Ziweke mahakamani, upewe stakabadhi. Hapo deni lako limekwisha.

Na kama magunia mengine ni yako, usigombane na dalali wa mahakama. Wasilisha pingamizi pamoja na risiti zako kabla ya mnada. Polisi hawakusanyi madeni wala hawaamui mali ni ya nani; huja kulinda amani tu. Kwa hiyo kwanza usome hati: muhuri, tarehe, jina la mdaiwa na mali iliyotajwa.