Nguo ya Ndani Ipumue: Fundi Cherehani wa Same Anajibu

Same ni wilaya moja yenye hali mbili za hewa. Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua yake juu ya Milima ya Upare, na ukishukia upande wa magharibi, Same mjini, Makanya na Hedaru, unakuwa mkavu na wa moto. Juu kule Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ni baridi na ukungu. Nguo inayokaa karibu zaidi na mwili inateswa na hali zote mbili. Fundi wetu, mama aliyezeekea kwenye cherehani, anajibu maswali ya wasomaji.

Shikamoo mama. Naendesha bodaboda hapa Same mjini. Ikifika saa nane mchana mapaja yamechubuka hata kutembea ni shida, na boksa nabadilisha kila siku. Kosa liko wapi?

Marahaba mwanangu. Usafi wako hauna kasoro. Nashuku boksa zenyewe ni za poliesta, na poliesta ni plastiki iliyofanywa uzi. Katika hewa ya kawaida, pamba hubeba unyevu wa kama asilimia 8.5 ya uzito wake. Nailoni hubeba kama asilimia 4, na poliesta haifikii hata nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo jasho lako linakosa pa kwenda. Linabaki mwilini, ngozi inalainika, halafu mshono unaisugua kila unaporuka tuta.

Tafuta boksa ya pamba isiyobana, yenye miguu mirefu kiasi cha kufunika pale mapaja yanapogusana. Pitisha kidole kwenye mshono wa ndani: ukikikwaruza kidole, paja halitapona. Tena beba moja ya kubadilisha mchana, kwa sababu pamba nayo ina udhaifu wake; ikishalowa chepechepe, huchelewa kukauka.

Sokoni kila muuzaji anasema "hii kotoni." Nitaijuaje?

Lebo isiyotaja asilimia usiitegemee. Tone la maji nalo hudanganya, kwa sababu nguo mpya mara nyingi imepakwa dawa ya kiwandani na hata pamba halisi hukataa maji mpaka ifuliwe. Mimi naamini moto. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa koleo, uuguse na kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha majivu laini ya kijivu yanayopukutika ukiyagusa. Poliesta hujikunja, huyeyuka, huacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona majivu yenye vidonge ndani yake, umeuziwa mchanganyiko.

Huwezi kuchoma mali ya mtu mezani pake, kwa hiyo nunua moja, kaipime nyumbani, ikifaulu rudi kwa muuzaji yuleyule. Laikra kidogo, asilimia 5 hivi, haina neno. Ndiyo inayoifanya nguo irudi umbo lake. Akina dada, hata mkipenda lesi ya nailoni, kile kipande cha ndani cha katikati kiwe pamba.

Jambo hili linaniuma. Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa bado nyuzi, kisha sisi wenyewe tunavaa plastiki kwenye joto hili.

Zile zinazoitwa za mianzi je?

Nyingi ni viskosi: mti uliyeyushwa kwa dawa ukafanywa uzi. Ni laini na hunywa jasho vizuri, lakini ikilowa hupungua nguvu, ifue kwa upole. Sioni sababu ya kulipia zaidi.

Na za mitumba?

Hapana. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limekwisha kupiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Mashati na makoti leteni, nitawapunguzia.

Nawashwa sana sehemu za siri, nimehamia pamba lakini bado.

Nenda zahanati mwanangu, usione haya. Joto na unyevu hulea fangasi, na pamba huwapunguzia nafasi, lakini kitambaa hakitibu. Acha pia sabuni zenye manukato makali, na usiku lala bila nguo ya ndani.

Mama, mimi nakaa Chome. Masika chupi za pamba hazikauki siku tatu, zinaanza kunuka. Si bora nailoni, inayokauka usiku mmoja?

Nakuelewa, masika ya milimani nayajua. Lakini baki kwenye pamba, ila uchague nyepesi kama tisheti ya ndani, si ile nzito. Ukishafua, ikunje ndani ya taulo kavu uikamue kwa nguvu. Nusu ya kazi imekwisha hapo. Kisha pasi. Pamba huvumilia pasi ya mkaa yenye moto, nailoni huyeyuka. Pale jua lisipoonekana, pasi ndiyo jua lako, ila ukwepe mpira wa kiunoni.

Pasi ina kazi nyingine. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na mabuu yake huingia kwenye ngozi ya anayezivaa. Moto wa pasi, ukipita hadi kwenye mishono, huyaua mayai hayo.

Lakini tuambiane ukweli, kwa sababu hili naliona hata Same mjini, kwenye jua la kupasua mawe. Wanawake wengi tunaficha chupi: chini ya godoro, nyuma ya mlango, kwenye kamba ya chumbani. Tulifundishwa haya, na haya ni njema. Hata hivyo nguo isiyoona jua huvaliwa na ubichi wake, na pamba uliyoitafuta kwa shida haikusaidii kitu. Anika nyuma ya nyumba, tandaza juu yake khanga nyepesi, upepo na joto vitapita. Kesho jua likitoka, zitoe nje.